Chui Alipotaka Ukuta Mzima

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe, sisi tuna masikio tu!

Pakawa ukuta. Ukuta ukakandikwa, ukuta ukapambwa, ukuta ukagombewa. Nikizidisha chumvi?

— Tutalamba!

Nikisahau?

— Tutakumbusha!

Haya. Nimetoka kusali sasa hivi na ulimi wangu ni safi, basi niutumie kabla haujachafuka. Uongo ni dhambi, hilo nalijua vizuri. Lakini uongo wa hadithi, mimi nadhani Mwenyezi Mungu anausikiliza huku anatabasamu. Kama nakosea kudhani hivyo, anisamehe, maana kuacha siwezi.

Zamani hizo, watu na wanyama walipokuwa bado wanasemezana, kulikuwa na kijiji kando ya msitu. Katika kijiji hicho kulikuwa na mama mmoja aitwaye Bi Sijaona. Shamba lake dogo, nyumba yake ndogo. Alikuwa na mbuzi na alikuwa na vidole. Mbuzi alimpa maziwa, vidole vilimpa heshima, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wa ukuta wa ghala.

Ukuta wa ghala ni nini? Sikilizeni. Kila mwaka mavuno yakishaingia ghalani, ukuta ulikandikwa upya kwa udongo na samadi, pwacha! pwacha! Na kabla haujakauka, Bi Sijaona alichukua kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, akachovya udongo mwekundu, akachovya chokaa, akachovya masizi, akachora wanyama wa msitu ule. Ilikuwa lazima achore ukuta ungali mbichi. Rangi zake zilishika udongo mbichi tu. Ukuta ukikauka, rangi inapukutika kama unga.

Na desturi ya kijiji ilikuwa hii: mnyama aliyechorwa ukutani akatiwa jicho, hawindwi mwaka ule. Yeye hawindwi, mkewe hawindwi, hata shangazi yake hawindwi. Asiyechorwa, shauri yake. Waliokosa nafasi mwaka huu walitangulia mwaka ujao, na hivyo ndivyo walivyopokezana kuishi.

Jicho lilitiwa mwisho. Nukta ya chokaa, na ndani yake nukta ya masizi. Tii! Kabla ya jicho, hilo ni doa tu. Baada ya jicho, huyo ni mnyama, anakutazama, na wewe unaona haya kumpiga mshale. Mnalikumbuka neno hilo?

— Bila jicho ni doa tu!

Limekaa. Twende.

Asubuhi moja ukuta umeshakandikwa, unang'aa kwa maji, Bi Sijaona anatafuna kijiti chake. Mara akaja Chui. Hakubisha hodi. Chui habishi hodi popote, ndiyo malezi yake.

"We mama!"

"Karibu, baba."

"Sikuja kukaribishwa. Mwaka huu ukutani nitakaa mimi."

"Utakaa, baba. Hata mwaka jana ulikaa. Pale pembeni, juu ya Kobe."

"Juu ya Kobe!" Chui akanguruma, ngrrrr! "Mimi, juu ya Kobe, kama nimepanda punda! Mwaka huu ukuta wote ni wangu. Toka pembe hii mpaka pembe ile. Mimi peke yangu."

"Na wenzako je, baba?"

"Wenzangu wawindwe. Mbwa wakiwafukuza kutoka huku, watakimbilia kule. Na kule nitakuwa nimekaa mimi, mdomo wazi. Nani ataniuliza? Si nimechorwa?"

"Hiyo ni dhuluma, baba."

"Ukimchora mwingine, hata sisimizi, namla mbuzi wako. Nikimaliza mbuzi, navitafuna hivyo vidole. Kimoja kimoja, kama miwa."

Bi Sijaona akavificha vidole vyake ndani ya kanga.

Sasa, nyuma ya kinu alikuwepo Sange. Sange mnamjua? Ni yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza muda wote kama inatafuta kitu ilichokiangusha. Akatoka nyuma ya kinu, chaka-chaka-chaka, akasimama mbele ya Chui.

"Shikamoo, Mkubwa!"

Chui hakuitikia. Alitazama juu, akatazama huku na huku. "Nani huyo?"

"Mimi hapa chini, Mkubwa. Sange."

"Unaliwa?"

"Nakwama kooni, Mkubwa. Ni pua tupu."

"Basi pita."

"Napita. Ila nimesikia habari ya ukuta, nikafurahi. Mnyama kama wewe kubanwa pembeni, ni aibu ya msitu mzima. Lakini naona huruma moja."

"Huruma gani?"

"Mchoraji ni mama huyu peke yake. Mwili wako ni mkubwa, madoa yako ni mengi. Nani atamsogezea rangi? Niruhusu niwaite wanyama waje kukutumikia. Ngiri achimbe udongo mwekundu, Kanga alete majivu, Kobe achote maji. Waje wote."

Chui akacheka mpaka masharubu yakalowa. "Waje! Waibebe wenyewe picha itakayowamaliza!"

"Na wewe, Mkubwa, kakae kwenye jiwe lile kule, mwisho wa uwanja. Mlima hautazamwi kwa kuubandikia pua. Ila usisogee. Anayesogea akichorwa, uso unapinda. Uso uliopinda ukikaa ukutani mwaka mzima, watoto watakucheka."

Chui akaenda kwenye jiwe. Akainua kidevu. Akatulia tuli.

Bi Sijaona akaanza kulia.

"Usilie, shangazi," Sange akamwambia.

"Nisilieje? Tangu nishike kijiti hiki sijachora uongo ukutani."

"Na leo hutachora uongo. Chui ana madoa, hana?"

"Anayo."

"Basi mchoree madoa yake. Ila kila doa ulikunje liwe mmoja wetu. Doa la bega liwe Ngiri aliyejilaza. Doa la ubavu liwe Kobe, maana Kobe mwenyewe ni doa lililoota miguu. Kwa mbali ataona madoa. Kwa karibu ni sisi, na kila mmoja na jicho lake."

"Na jicho la Chui?"

"Tutamwuliza mwenyewe atiwe lini. Anayeulizwa hajadhulumiwa."

Bi Sijaona akafuta machozi. "Mungu nisamehe."

"Atakusamehe, shangazi, ila chora haraka. Ukuta unakauka."

Bi Sijaona akachora mgongo wa Chui, toka pembe hii mpaka pembe ile. Akachora miguu. Akachora kichwa. Kisha wanyama wakaanza kuja.

Akaja Ngiri na udongo mwekundu. Akajiegemeza ukutani kidogo, apate kuonekana vizuri. Swa! swa! swa! Tii!

"Huyo nani?" Chui akauliza kutoka kwenye jiwe, bila kusogeza kidevu.

Sange akakimbia, chaka-chaka-chaka. "Ni Ngiri, Mkubwa. Ameleta rangi ya bega lako."

"Na hiyo tii! ninayoisikia?"

"Ni kufunga doa, Mkubwa. Doa lisipofungwa linavuja."

"Lifungwe sana!"

"Linafungwa. Sasa, Mkubwa, mwili uko tayari. Tutie jicho tumalize, au tuongeze madoa?"

Chui akautazama ukuta kwa mbali. Akajiona bega moja limependeza, ubavu uko mtupu. Roho ikamwasha.

"Ongeza!"

Akaja Kanga na majivu. Swa! swa! swa! Tii! Akaja Paa. Swa! swa! swa! Tii! Akaja Nungunungu, huyo alichosha kidogo kwa sababu ya miiba. Swa! swa! swa! swa! swa! Tii! Sange naye akipanda na kushuka, akichovya pua yake ndefu kwenye masizi na kuchora zile kucha ndogondogo ambazo kijiti hakiziwezi.

Chaka-chaka-chaka mpaka kwenye jiwe. "Mkubwa, ubavu umejaa. Tutie jicho, au tuongeze?"

"Paja langu?"

"Paja bado jeupe."

"Ongeza!"

Akaja Kobe na maji. Alipofika ukutani akakaa, akakaa, akakaa.

"Mbona yule amekaa sana ukutani?" Chui akauliza.

"Ndivyo anavyotembea, Mkubwa."

Jua likapanda. Chui ulimi nje, jiwe linamchoma matako, lakini hasogei. Nami nakiri, sina ubavu wa kumcheka sana. Na mimi nikipigwa picha huvumilia viatu vya kuazima.

"Mkubwa," Sange akasema, na safari hii alisema kwa moyo safi, "paja limejaa. Jua ni kali, ukuta unakauka. Nakuomba, tutie jicho sasa."

"Mkia wangu unaishia wapi?"

"Unaishia kwenye pembe ya ukuta."

"Kwa nini uishie? Uzungushe pembe! Uende mpaka mlangoni!"

"Jicho, Mkubwa."

"Ongeza mkia!"

Basi ukaongezwa mkia. Na katika mkia wakaingia Kicheche, Nguchiro, Kindi, Fuko, na jongoo mmoja aliyekuwa anapita tu. Swa! swa! Tii! Swa! swa! Tii!

Bi Sijaona akashusha kijiti, akahesabu kwa macho. Wote wamo. Halafu akashtuka.

"Sange! Wewe uko wapi?"

Sange akajitazama ukutani. Begani hayumo. Ubavuni hayumo. Mkiani hayumo. Kumbe kwa kukimbia huku na kule, jiweni na ukutani, ukutani na jiweni, amejisahau! Pua yake ikaacha kuchezacheza. Alimfikiria mama yake chini ya majani makavu. Aliwafikiria wadogo zake. Mbwa wa wawindaji wanapenda sange kama watoto wanavyopenda karanga.

Bi Sijaona akauwekea ukuta kiganja. Hapa pamekauka. Hapa pamekauka. Hapa napo pamekauka. Akapapasa mpaka juu, chini ya makuti ya paa, ambapo kivuli kilikuwa bado kimekaa. Hapo palikuwa pabichi. Padogo tu, pa kutosha ngumi ya mtoto.

"Hapa," akasema polepole, "ni mahali pa jicho la Chui."

Wakatazamana.

Kutoka kule kwenye jiwe ikaja sauti. "Sasa! Sasa nitieni jicho!"

"Chui aliulizwa?" Bi Sijaona akanong'ona.

"Kila mara, shangazi."

"Akasema?"

"Ongeza."

"Basi kunja mkia, mwanangu. Ukae."

Akamchora Sange amejikunja mviringo, pua imegusa mkia. Swa! swa! swa! Tii!

Chui alipoisikia ile tii! ya mwisho, akaruka kutoka kwenye jiwe. "Nimekwisha! Nimechorwa!" Akaja akitembea kwa maringo. Alipofika katikati ya uwanja akasimama, machozi yakamlengalenga. Ukutani alikuwa mzuri, wallahi. Ukuta mzima! Akasogea. Akasogea tena.

"Doa hili mbona lina meno?"

Akasogeza pua.

"Doa hili mbona lina gamba? Na hili... Hili linanitazama! Yote yananitazama!" Akainua uso haraka kutafuta jicho lake. "Na hilo jicho langu mbona lina pua?"

"Huyo ni mimi, Mkubwa," Sange akasema.

"Toka hapo!"

"Siwezi, Mkubwa. Nimeshakauka."

"Mama! Nichoree jicho jingine! Pembeni yake! Popote!"

Bi Sijaona hakumnyima. Akachovya chokaa, akaweka nukta. Puru-puru-puru, ikamwagika chini kama unga. Akaweka tena. Puru-puru-puru.

Chui akainua kucha aukwaruze ukuta wote. Lakini hapo hapo ikasikika pembe, vuuu! vuuu! Kijiji kinakuja kuutazama ukuta. Mbele yuko Makota, mkuu wa wawindaji, na nyuma yake mbwa na mishale. Chui akajitupa nyuma ya lundo la kuni, akajikunja kuliko Sange.

Makota akapita ukutani na kidole. "Ngiri, yumo. Kanga, yumo. Paa, yumo. Nungunungu, yumo. Hata jongoo yumo! Bi Sijaona, mwaka huu sisi tutakula nini?"

"Kunde," Bi Sijaona akajibu.

Watu wakacheka, wawindaji hawakucheka. Makota akarudi nyuma, mpaka katikati ya uwanja, akautazama ukuta kwa mbali.

"Na hili kubwa lililowabeba wote?"

"Ni Chui," mmoja akasema.

"Lina jicho?"

"Lina, lile pale juu."

"Lile siyo jicho, lile ni Sange."

"Ni Sange, lakini amekaa mahali pa jicho."

"Sange ni Sange. Bila jicho ni doa tu!"

"Doa kubwa hivyo?"

Wakabishana. Mbwa hawakubishana. Mbwa walianza kunusa, nus-nus-nus, wakielekea kwenye kuni. Makota akatia mshale kwenye upinde.

"Mama mchoraji, amua. Yumo au hayumo?"

Bi Sijaona aliliona lile lundo la kuni likitetemeka. Akamtazama mbuzi wake. Akavitazama vidole vyake. Neno moja lingetosha.

"Mimi nimechora tu," akasema. "Mwulizeni aliyekaa pale."

Sange akapanda juu ya kinu. Kati ya kuni aliyaona macho mawili, ya kweli, siyo ya chokaa, yanamwomba. Pua yake ikachezacheza. Akafikiri. Sijui angefikiri nini kama angekuwa mimi; namshukuru Mungu hakuwa mimi.

"Jamani," akasema, "siku Chui akiwa na adabu, mimi ni jicho lake. Siku akikosa adabu, mimi ni Sange, nimejikalia zangu."

Makota alicheka mpaka mshale ukamtoka mkononi. Akawaita mbwa.

Toka siku hiyo, kila asubuhi Bi Sijaona akiwa anakamua mbuzi, alisikia sauti mlangoni.

"Hodi."

"Karibu, baba."

Chui anaingia taratibu, miguu ameipangusa. Anainama mbele ya kinu mpaka kidevu kinagusa vumbi.

"Shikamoo, Bwana Sange."

Sange kwanza anamalizia usingizi. Kisha anamtazama mbuzi, yupo. Anavitazama vidole vya Bi Sijaona, vipo vyote.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuuliza. Leo wewe ni jicho, au ni Sange?"

"Leo ni jicho. Kesho uje tena uulize."

Naye Chui anashusha pumzi, anakwenda zake mtoni kula samaki. Samaki, naona aibu kuwaambia, hakuna aliyekumbuka kuwaalika ukutani. Hapo hadithi yangu ina tobo, sikuweza kuliziba.

Basi ukiona leo mchoraji amechora mnyama mkubwa amejaa madoadoa, usimtazame kwa mbali ukapita. Sogea. Weka jicho lako karibu na doa, utaona kama doa nalo halijakutazama.

Na funzo? Hadithi isiyo na funzo watu husema imepotea njia. Funzo ni hili, mlishike: mkubwa akitaka ukuta mzima, mpeni, mnyamaze. Na wadogo msitie pua zenu ndefu katika mambo ya wakubwa. Hakuna faida yoyote.

— Ahaaa! Na Sange je?

Sange gani? Mimi nimesema funzo, sikusema Sange. Mnacheka nini? Nyamazeni niifunge.

Hadithi yangu nimeichora ikiwa mbichi, nanyi mmekaa karibu mkaiona. Imetiwa jicho?

— Tii!

Basi imekauka. Atakayeikwaruza, kucha ni zake.